Mdogo wangu kafaulu kidato cha sita, nyumbani hakuna aliyewahi kufika chuo. Nianzie wapi?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 27, naendesha bodaboda hapa Kasulu mjini, shule niliishia darasa la saba. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita mwaka huu mchepuo wa PCB, matokeo yametoka kapata divisheni ya pili pointi kumi, yaani Fizikia D, Kemia C na Baiolojia C. Mama alilia kwa furaha maana ukoo wetu wote, upande wa baba na upande wa mama, hakuna aliyewahi kusoma chuo kikuu, aliyesoma sana ni mjomba ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi.

Sasa mwalimu mimi ndo naangaliwa. Wazazi wako kijijini wanalima mahindi na maharage, mama yuko kwenye TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, baba miguu inamsumbua. Mdogo wangu yupo mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wanamaliza mwezi wa nane, simu hana, anapiga Jumapili tu kwa simu ya kuazima na ni dakika mbili tatu basi. Laini yake kaniachia mimi. Nimeenda steshenari moja hapa mjini, jamaa kaniambia nimpe laki moja na nusu ataomba chuo na mkopo kila kitu, na mkopo anahakikisha unatoka asilimia mia, mimi nisisumbuke. Kanambia nimletee cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, hapo ndo nikachoka kabisa kwasababu mdogo wangu hana, kazaliwa nyumbani, ana cheti cha ubatizo tu ambacho jina la baba limeandikwa Yohana wakati shuleni kote mpaka cheti cha kidato cha nne kaandikwa John.

Kingine baba hataki kusikia neno mkopo. Anasema anaijua familia iliyokopa benki shamba likapigwa mnada, na kuna mwalimu pale kijijini anakatwa mshahara kwa ajili ya mkopo wa chuo miaka na miaka deni haliishi. Mjomba yeye anasema achana na chuo kikuu, aende diploma ya ualimu apate kazi haraka. Mwenyewe anataka udaktari, tena Muhimbili, toka yuko darasa la tano anasema hivyo hivyo. Kidato cha kwanza mpaka cha nne alisoma shule ya masista kwa msaada wa parokia, cha tano na sita shule ya serikali na ada hatukulipa.

Nimewaza niuze pikipiki, ni yangu nimeshamaliza mkataba, nikipata milioni moja na laki nane namlipia ada mwaka wa kwanza, mkopo tutaomba mwaka wa pili baba akishaelewa. Kiingereza sijui, kompyuta sijui, naogopa kumharibia mtoto wa watu maisha. Naomba unielekeze nianzie wapi.

Kaka mtu, Kasulu


JIBU

Marahaba kijana wangu, na hongereni sana nyumbani, divisheni ya pili PCB sio kitu kidogo.

Nianze na pikipiki kabla hujapata mteja. Usiuze. Watu wengi ambao nyumbani kwao hakuna aliyesoma chuo wanaposikia chuo wanawaza ada tu, sasa fanya hesabu hii: ada ya chuo cha umma kwa kozi nyingi inacheza kwenye milioni moja mpaka milioni moja na nusu kwa mwaka, udaktari inapanda kidogo juu ya hapo. Hela ya chakula na malazi ambayo Bodi ya Mikopo inampa mwanafunzi ni shilingi 10,000 kwa siku, na anakaa chuoni kama miezi minane kwa mwaka, hiyo ni kama milioni mbili na laki nne, yaani kula na kulala kunazidi ada yenyewe. Hiyo milioni na laki nane ya pikipiki utalipa ada, utanunua godoro na ndoo, na kabla ya Krismasi mtoto hana hela ya kula na wewe huna kazi. Ni kweli hata wanaoendelea na masomo wanaruhusiwa kuomba mkopo lakini kwanini aumalize mwaka wa kwanza na njaa wakati vigezo vya kuomba sasa hivi anavyo? Pikipiki ifanye kazi, kila wiki tenga kitu weka pembeni usikiguse, nitakwambia cha nini huko mbele.

Sasa nikwambie kitu nilichokiona miaka yote niliyofundisha. Mtoto wa maskini aliyefaulu kama mdogo wako mara nyingi hanyimwi mkopo kwa sababu hafai, anaukosa kwa sababu ya karatasi: cheti hakijahakikiwa, jina halifanani, muhuri hauonekani, barua fulani haikuwekwa na hakuna mtu nyumbani aliyejua kwamba inatakiwa. Mtoto wa afisa baba yake anajua haya yote toka mtoto yuko kidato cha tatu. Wewe hujui kwa sababu hakuna aliyewahi kukwambia, sio kwa sababu uliishia la saba. Na asilimia kubwa ya kazi iliyo mbele yako haitaki Kiingereza, inataka mtu wa kwenda wilayani, parokiani, kijijini na kurudi, na wewe barabara zote hizo unazijua na usafiri unao. Mwongozo wa mkopo wenyewe Bodi wanautoa kila mwaka na upo wa Kiswahili, upo kwenye tovuti yao bure, mwambie kijana yeyote mwenye simu janja akupakulie uusome mwenyewe usiku ukiwa umetulia, usisimuliwe.

Cheti cha kuzaliwa ndo kitu cha kwanza na uanze nacho kesho, usisubiri arudi JKT. Vizazi vinasajiliwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, pale ndipo RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wanafanyia kazi zao. Kwa mtu mzima ambaye hakusajiliwa utotoni watataka ushahidi, kwahiyo kusanya kila kitu kinachoonyesha kazaliwa lini, wapi, na nani: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki kama mama aliitunza, cheti cha darasa la saba, cheti cha kidato cha nne, vitambulisho vya wazazi wote wawili, na barua ya mtendaji wa kijiji. Nenda kwanza ukaulize mikono mitupu, waambie hali halisi wakuandikie orodha ya wanachotaka, halafu ndo uende kijijini kwa safari moja uchukue vyote. Ukienda kwa kubahatisha utapigwa njoo kesho mpaka dirisha lifungwe.

Kwenye jina hapo kwa kweli mna bahati ambayo hamjaiona. Wenye shida kubwa ni wale ambao cheti cha kuzaliwa wanacho tayari na kinasema kingine tofauti na cha shule, hao inabidi waende kwa wakili kuapa na kusajili hati ya jina, gharama na muda. Nyie cheti hakijatoka bado. Pale kwenye usajili onyesha cheti cha kidato cha nne, eleza kwamba Yohana wa kanisani na John wa shuleni ni mtu mmoja, mtendaji naye aandike hivyo hivyo kwenye barua yake, omba cheti kiandikwe kama cha kidato cha nne kinavyosomeka herufi kwa herufi. Kabla hujaondoka dirishani kisome. Ukishapita mlango kosa moja la herufi linakuwa safari nyingine tatu.

Halafu kuna hatua watu wanaisahau, kuwa na cheti sio mwisho, lazima kihakikiwe na RITA kupitia mfumo wao wa mtandaoni, unakituma, unalipia, wanakurudishia majibu ya uhakiki na hayo ndiyo Bodi wanayataka. Inachukua siku kadhaa na mwezi wa nane foleni ni kubwa, ndo maana nakusukuma uanze kesho.

Kitu cha pili ni TASAF ya mama. Umeitaja kama kwa kupita tu lakini ile ni silaha yenu. Fomu ya mkopo inauliza kama kaya ni mnufaika wa TASAF na inataka namba ya kaya, ile iliyoko kwenye kitambulisho anachochukulia hela. Kipige picha, namba iandike kwenye daftari.

Cha tatu ni ile shule ya masista, na hapa nakaa kidogo maana nimeona watoto wanaumia. Bodi wanapima uwezo wa familia, na moja ya vitu wanavyoangalia ni shule ulizosoma. Wakiona miaka minne ya shule ya kulipia wanajua nyumbani kuna hela, hawana namna ya kujua kwamba aliyelipa ni parokia na baba ni mkulima mwenye miguu mibovu. Lazima uwaambie, na unawaambia kwa barua ya mfadhili. Nenda parokiani, muombe paroko au ofisi iliyokuwa inalipa waandike barua kwenye karatasi yao yenye nembo, iseme wazi jina la mwanafunzi kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, shule, toka mwaka gani mpaka mwaka gani, kwamba ada ililipwa na parokia kwa sababu familia haikuwa na uwezo, isainiwe na ipigwe muhuri unaosomeka. Kama paroko amebadilika mwambie waangalie kwenye kumbukumbu, parokia nyingi wanatunza, na shule nayo inaweza kuwa na nakala za malipo. Usikubali kabarua ka mistari miwili "huyu tulimsaidia", hako hakasemi kitu.

Sasa huyo jamaa wa steshenari. Kwanza hakuna binadamu nje ya Bodi anayeweza kukuhakikishia mkopo utoke, achilia mbali asilimia mia, mwenye kusema hivyo ni kishoka, yaani tapeli, na nakuomba umkimbie. Ada ya kuomba mkopo ni shilingi 30,000, unapewa namba ya malipo na mfumo wenyewe unalipa kwa simu, hairudishwi. Kuomba chuo kila chuo kina ada yake, vingi vya umma ni kama elfu kumi. Ukiongeza kuchapisha na kuskani kurasa, elfu kadhaa. Hiyo laki moja na nusu inaenda wapi?

Lakini hela sio ubaya mkubwa wa hawa watu. Ubaya ni kwamba wanafungua akaunti kwa imeili yao na namba yao ya simu, paswedi wanabaki nayo wao. Mtoto anakuja kuambiwa fomu yake ina dosari arekebishe ndani ya siku chache, ujumbe umeingia kwenye simu ya mtu ambaye ameshakula hela yake na ameshahama mtaa. Au anachaguliwa vyuo viwili, anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa meseji, namba ya siri inaingia kwa kishoka. Nimewaona watoto wa namna hiyo wanazunguka na divisheni one zao mkononi.

Kwahiyo fanya hivi. Laini ya mdogo wako ipo kwako, iwe hewani muda wote. Hakikisha imesajiliwa kwa jina lake maana hiyo ndo itakuwa namba yake kwenye kila kitu. Jumapili akipiga msipoteze dakika kwa salamu, muulize kama ana imeili na paswedi yake, kama hana mkubaliane mumfungulie mpya kwa jina lake, na paswedi iandikwe kwenye daftari lile lile lenye namba ya TASAF. Kisha tafuta mtu wa kukusaidia kubonyeza, mimi ningeanza na mwalimu wa shule aliyomaliza, au mwanafunzi wa chuo aliyeko likizo hapo hapo Kasulu, wapo, mwezi huu wamejaa nyumbani na wao walipita njia hiyo hiyo mwaka jana. Mpe hela ya soda na bando, mkae pamoja, wewe uone kila kinachojazwa.

Kuomba chuo kunahitaji hasa namba zake za mtihani za kidato cha nne na cha sita, kwahiyo hilo linaweza kuanza sasa hivi. Unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wao kazi yao ni kusimamia na kutoa mwongozo wa udahili unaoonyesha kila kozi ya kila chuo na sifa zake, nao upo bure mtandaoni. Hapa kuna kitu kimoja usikosee: namba ya kidato cha nne atakayoombea chuo iwe ndiyo hiyo hiyo atakayoombea mkopo. Ikipishana, Bodi wanamuona kama mtu ambaye hana chuo.

Kuhusu ndoto ya Muhimbili, mimi sitamkatisha tamaa hata kidogo, aombe. Kwa hesabu ya vyuo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, kwahiyo yeye ana 8, na kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa jumla ni kufaulu masomo mawili ambayo pointi zake zikijumlishwa zinafika 4. Anazo na zinabaki. Ila udaktari wa binadamu ni ushindani, nchi nzima wenye PCB ya A na B wanakimbilia milango hiyo hiyo michache, na kuweka machaguo yote udaktari Muhimbili ndo namna watoto wazuri wanavyobaki nyumbani raundi ya kwanza. Akae chini, ajaze udaktari juu, halafu chini yake aweke vitu anavyoweza kuvipenda kweli: uuguzi, maabara, ualimu wa sayansi, udaktari wa mifugo pale Sokoine Morogoro, na asisahau Dodoma ambako ni karibu kidogo na nyumbani kuliko Dar. Fani za afya na ualimu wa sayansi kwa kawaida Bodi wanaziweka kwenye kundi la kipaumbele, hilo nalo lipimwe. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja athibitishe haraka kwa ile namba ya siri, asipothibitisha nafasi inapewa mwingine na Bodi hawampangii mkopo mtu asiye na chuo.

Baba sasa. Usibishane naye, ana sababu. Ile hofu ya deni lisiloisha haikutoka hewani. Miaka ya nyuma mkopo huu ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani, na ukichelewa kuanza kulipa unapigwa adhabu ya asilimia 10, watu walikuwa wanakatwa na deni linazidi kuvimba, na mwaka 2016 makato yakapandishwa kutoka asilimia 8 ya mshahara mpaka 15. Huyo mwalimu wa kijijini kwenu inawezekana kabisa alikuwa humo. Mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ikafutwa, na adhabu ya asilimia 10 nayo ikafutwa. Asilimia 15 ya mshahara imebaki, baba aambiwe ukweli wote: mtoto akipata kazi ya mshahara wa laki nane atakatwa laki na elfu ishirini kila mwezi mpaka deni liishe. Ni hela nyingi. Lakini anakatwa kwa sababu ana mshahara, na hilo shamba la baba halimo popote, hakuna hati inayowekwa rehani, Bodi sio benki. Kaa naye jioni, mweleze hivyo kwa Kiha chenu, kisha umpe nafasi ya kuuliza. Na kama yule mwalimu ni mtu mwema mwombe aje amwambie mwenyewe kama bila huo mkopo angekuwa mwalimu.

Anahitajika pia mdhamini, mzazi au mtu mzima mwingine, mwenye kitambulisho. Baba akikubali kusaini yeye itakuwa vizuri sana, asipokubali mama anaweza, au mjomba. Ila anayesaini asomewe anachosaini, udhamini sio kusaini tu kama mahudhurio ya mkutano, Bodi wakimtafuta mdogo wako baadaye wataanzia kwa mdhamini.

Akirudi JKT, kazi yake itakuwa hii na itaenda haraka kama wewe umeshamaliza yako. Atajaza fomu mwenyewe, dirisha la mkopo mara nyingi linafunguliwa mwezi wa sita na kufungwa mwisho wa mwezi wa nane, miaka mingine limesogezwa lakini wewe usiishi kwa kutegemea kusogezwa. Atachapisha fomu na mkataba, atasaini, mdhamini atasaini, mwenyekiti wa serikali ya kijiji au mtaa atasaini na kupiga muhuri, wakili au hakimu atapiga wake. Halafu kuskani kurasa na kuzirudisha kwenye mfumo. Hapa mkae macho, mimi nimeona fomu ya mtoto imerudi na dosari kwa sababu muhuri wa mwenyekiti ulikauka wino ukatoka duara tupu halina maneno, nyingine ukurasa wa saini ulipigwa picha kwa simu jioni kivuli cha mkono kimefunika jina la mdhamini. Muhuri ukitoka mbaya mwambie mwenyekiti apige tena pembeni, usione haya. Baada ya kutuma aingie kwenye akaunti yake kila baada ya siku mbili tatu, Bodi huwa wanatangaza wenye dosari wanapewa muda wa kurekebisha, na muda huo hausubiri mtu.

Sasa ile hela ya bodaboda niliyokwambia utenge. Kati ya siku anayoripoti chuoni na siku bumu la kwanza, yaani ile hela ya kujikimu ya Bodi, linapoingia kuna wiki kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwezi, maana lazima asajiliwe kwanza, asaini, majina yapite. Hizo wiki ndo zinawavunja watoto wa kwetu. Anatakiwa awe na nauli, hela ya kupima afya, bima, michango midogo midogo ya chuo, godoro, na hela ya kula. Mtoto ambaye hana hiyo anaanza kukopa kwa wenzake wiki ya kwanza, anakosa vipindi, anajiona hafai pale. Ukifika mwezi wa kumi una laki nne mpaka tano pembeni umemfanyia kitu kikubwa kuliko kuuza pikipiki. Na huko mbele kila mwezi ukimtumia hata elfu ishirini itamsaidia, bumu linakuja kila baada ya miezi miwili hivi na siku za mwisho mwisho huwa ni ngumu kwa kila mtu.

Mwambie pia mkopo ukishatoka hauombwi upya kila mwaka, ila unaendelea kama anafaulu kwenda mwaka unaofuata. Mwaka wa kwanza wa masomo ya sayansi unawashtua wengi, waliozoea kuwa wa kwanza shuleni wanakutana na sapu, yaani kufeli somo na kurudia mtihani. Akipata sapu asijifiche, amfuate mwalimu wa somo mapema, atafute kikundi cha kujisomea. Watoto wanaodisco, yaani wanaoondolewa chuo kwa kufeli, mara nyingi ni wale waliokaa kimya.

Mjomba naye asipuuzwe, diploma sio aibu na toka mwaka wa masomo 2023/24 Bodi wameanza kutoa mkopo hata kwa diploma za fani fulani. Ila kwa mtoto mwenye pointi 8 za PCB diploma iwe njia ya akiba. Mwambie mjomba hivyo kwa heshima, halafu mpe kazi, yeye ni mwalimu anajua kusoma fomu, awe wa kukagua kila karatasi kabla haijatumwa.

Na kama mkopo hautatoka kwenye awamu ya kwanza, msipaniki, Bodi wanatoa kwa awamu kadhaa, majina mengine yanatoka wiki kadhaa baada ya vyuo kufunguliwa. Akipewa kidogo au akikosa kabisa, kuna dirisha la kukata rufaa, na hapo ndo ile barua ya parokia na namba ya TASAF zinafanya kazi tena, aweke vyote hata kama alishaweka mwanzo. Wakati anasubiri aende ofisi ya mikopo ya chuo, kila chuo kina afisa wake, aombe kusajiliwa kwa kulipa ada kwa awamu. Ikishindikana kabisa asirudi nyumbani kimya kimya, aandike barua ya kuahirisha mwaka na apewe majibu kwa maandishi, ili mwakani nafasi yake iwepo aombe tena mkopo akiwa na chuo mkononi.

Wilayani wakikupa orodha yao ya ushahidi nitumie picha, nikuambie kipi kinaweza kuziba nafasi ya kipi.